Mbio Tano Siku Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchovu Kwenye Gala ya Kuogelea

Nafundisha kuogelea hapa Kampala, na klabu yetu ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nyumbani: Wanubi wa Bombo, watu wa Arua, Wakenya, Wakongo, Watanzania waliohamia kikazi. Msimu wa gala, yaani mashindano ya kuogelea, ukikaribia simu yangu hujaa maswali yale yale, mengine saa nne usiku, mtoto akiwa keshalala na mzazi bado anapanga begi. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyowajibu wazazi tukiwa tumesimama kando ya bwawa.

Kocha, mwanangu ameandikishwa mbio tano kwa siku moja. Si nyingi mno?

Tuanze na hesabu. Chukua msichana wa miaka 12: mita 50 mtindo huru sekunde 35, mita 50 mgongo sekunde 42, mita 100 kifua dakika 1 na sekunde 45, mita 200 mchanganyiko (mitindo yote minne katika mbio moja) dakika 3 na sekunde 10, kisha kipande chake cha mita 50 kwenye mbio za kupokezana. Jumla yake haifiki dakika 7. Lakini ameamka saa kumi alfajiri ili kuikwepa jamu, ameingia bwawani saa kumi na mbili na nusu, na ataondoka saa kumi na mbili jioni. Dakika 7 za kazi, saa 11 za kungoja.

Kinachommaliza ni huko kungoja. Jua la kichwani, nguo mbichi mwilini, njaa, kukimbizana na wenzake juu ya vigae, kelele za spika, na wasiwasi wa kuitwa jina. Kwa hiyo mzazi akiniuliza kama mbio tano ni nyingi, mimi namuuliza mtoto atakuwa anafanya nini kati ya mbio ya pili na ya tatu.

Mtoto anayefanya mazoezi mara nne au tano kwa wiki anazimudu mbio tano, mradi zisiwe zote nzito. Anayekuja Jumamosi peke yake, mbili au tatu zinamtosha. Tena mbio hazilingani: mita 200 mchanganyiko na mita 100 kipepeo zinakula mwili kuliko mita 50 tatu za mgongo. Huwa nawakumbusha wazazi kwamba waogeleaji wetu wawili waliokwenda Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Gloria Muzito na Jesse Ssengonzi, kila mmoja aliogelea aina moja tu ya mbio, Gloria mita 100 mtindo huru, Jesse mita 100 kipepeo. Mtoto wako wa miaka 12 anabeba ratiba nzito kuliko yao. Anastahili kupangiwa.

Huo uchovu wenyewe ni nini? Kwa nini mikono inakuwa mizito mita kumi za mwisho?

Kuna uchovu wa namna nne, na kila mmoja una dawa yake. Ukizichanganya ndipo unapompa mtoto biskuti wakati anahitaji kutembea, au unamlaza wakati anahitaji kula.

Wa kwanza ni wa akiba ya papo hapo. Misuli ina nishati ya kulipuka inayotosha sekunde kama 10: ule mruko wa kuanzia na mikono ya mwanzo mwanzo. Inaisha haraka na kurudi haraka, sehemu kubwa ndani ya dakika 3 hadi 5. Huu usikutie hofu.

Wa pili ndio ule wa mikono mizito. Mbio ikizidi nusu dakika, misuli huchoma sukari kwa kasi kuliko oksijeni inavyofika, na asidi hujilimbikiza ndani yake. Mita 100 na 200 ndizo mbaya zaidi hapa. Watu hulaumu lakteti, kitu kinachotokea sukari ikichomwa kwa kasi hivyo, kana kwamba ni sumu, lakini lakteti yenyewe ni kuni, kwani moyo na misuli inayofanya kazi taratibu huitumia kama chakula. Ndiyo maana mwili unaotembea hujisafisha haraka kuliko uliolala. Ukikaa tu, yaweza kuchukua saa nzima. Ukijiendesha taratibu, muda huo unapungua sana. Na yale maumivu ya misuli ya kesho yake hayatokani na lakteti, kwani saa hizo imeshaondoka zamani.

Wa tatu ni wa sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, inayoitwa glaikojeni. Hii hupungua pole pole kutwa nzima, na hairudi kwa kupumzika. Inarudi kwa kula.

Wa nne ni wa kichwani. Mtoto aliyekaa na hofu tangu asubuhi anafika kwenye mbio ya mwisho amechoka hata kama misuli yake ni mizima.

Akitoka majini tu, afanye nini?

Asikae. Avue kofia na miwani, anywe mafunda machache, aje kwa kocha akitembea, asikie maneno mawili matatu, kisha aanze kupoza mwili kabla dakika 5 hazijapita. Kama kuna nafasi ya maji, aogelee taratibu dakika 10 hadi 15, mtindo huru na mgongo kwa kupokezana, kwa mwendo ambao angeweza kuzungumza na mtu wa pembeni. Mtoto wa miaka 8 aliyemaliza mita 25 hahitaji hayo yote. Avae sweta, atembee kidogo, inatosha.

Bwawa ni moja, na linatumika kwa mbio tangu asubuhi. Tutapoza mwili wapi?

Hili ndilo swali la Uganda hasa. Maandishi mengi kuhusu mashindano makubwa yanachukulia kwamba kuna bwawa la pili la kupashia na kupozea mwili. Sisi mara nyingi tuna bwawa moja la mita 25, leni sita, na wasimamizi hawataki kuona mguu ndani ya maji mbio zikiendelea. Wana haki.

Basi tunafanya nchi kavu. Mtoto anajifuta mpaka awe mkavu kabisa, anavaa fulana kavu, suruali ya mazoezi na viatu (si kandambili, maana nazo humfanya aburute miguu), kisha tunatembea. Mwendo wa kuwahi teksi inayotaka kuondoka, ndio huo. Tunazunguka maegesho ya magari dakika 10 hadi 12, mikono ikizungushwa mbele raundi chache, nyuma raundi chache, mabega yakipandishwa na kushushwa. Mwenye mpira wa kuvuta anaufunga kwenye mti au nguzo, anavuta kwa ulaini, kama anaogelea usingizini. Baada ya hapo muulize anapumua vipi. Akikujibu sentensi nzima bila kukatisha pumzi, yuko tayari kukaa.

Maji ni bora zaidi kwa sababu yanatumia misuli ile ile ya mbio. Kwa hiyo programu ikiwa na mapumziko na bwawa likafunguliwa hata dakika 10, watoto wetu wanaingia kwa mpangilio: waliomaliza mbio ndefu kwanza. Wengine hugeuza muda huo kuwa wa kurukaruka na kurushiana maji. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Nimemwona mvulana mwenye kipaji akicheza kwenye bwawa la watoto wadogo saa nzima kati ya mbio, kisha mchana tukamsikia akilalamika kwamba miguu haina nguvu. Hakuwa na ugonjwa wowote. Nguvu aliziacha kule kwenye maji ya kina cha kiuno.

Mbio mbili zimefuatana kwa dakika 12 tu. Inawezekana?

Inawezekana, lakini kila dakika iwe na kazi yake. Nina kosa langu mwenyewe la kusimulia hapa, kwa sababu mtoto ndiye aliyelilipia.

Msichana wangu mmoja alimaliza mita 200 mchanganyiko, na baada ya dakika 12 alikuwa na mita 100 kipepeo. Nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Nenda ukalale chini ya hema, nitakuita." Akajilaza juu ya mkeka, amejifunika taulo lililolowa. Nilipomwita akainuka akishikilia paja, midomo imebadilika rangi, mabega yamepanda mpaka masikioni. Mita 50 za kwanza alikwenda vizuri. Alipogeuka ukutani mara ya tatu, mikono haikutoka tena majini; aliisukuma chini ya maji kama mtu anayefungua mlango mzito. Alimaliza, akatoka, akalia. Alidhani kosa ni lake. Lilikuwa langu, na nilimwambia hivyo pale pale, mbele ya mama yake.

Sasa tunafanya hivi. Dakika 2 za kwanza ni za kutembea tu na kurudisha pumzi, akitoa pumzi ndefu kupitia mdomoni. Zinazofuata 5 au 6 ni za kutembea kwa mwendo mzuri, amevaa nguo kavu juu ya vazi la kuogelea. Anakunywa mafunda mawili matatu ya kinywaji chenye sukari, hatafuni kitu. Kisha anazungusha mikono, anaruka mara chache kuamsha miguu, anakwenda sehemu ya kuitiwa. Hakuna kupasha mwili upya, kwa kuwa mwili bado una joto. Kazi yetu ni kulilinda.

Na karatasi ya mpangilio wa mbio ikitoka, isome kabla ya kukubali. Pengo likiwa chini ya dakika 10 na zote mbili ni mita 100 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miaka 13 mimi hufuta moja.

Na pengo likiwa la saa tatu?

Hapo mambo yanageuka. Apoze mwili, ale chakula cha kweli, apumzike kivulini. Akipata usingizi wa dakika 20 hadi 30 ni vizuri, lakini asilale saa nzima, ataamka mzito kama gunia. Dakika 30 hadi 40 kabla ya mbio aanze kuuamsha mwili upya. Wengi husahau hili: wanapasha mwili saa moja asubuhi, mbio yao iko saa nane mchana, na wanaamini ule wa asubuhi bado unafanya kazi. Joto la misuli halikai zaidi ya nusu saa mtu akiwa amekaa. Kama hakuna maji, atembee haraka, aruke kamba, azungushe mikono, apige mapushapu machache, kisha avae sweta mpaka aitwe. Soksi pia. Miguu yenye baridi hairuki vizuri kutoka jukwaani.

Ale nini siku hiyo?

Usiku wa kabla yake chakula cha kawaida cha nyumbani: wali, matoke, posho (ugali) au viazi vitamu, pamoja na maharage, samaki au nyama, kiasi cha kushiba. Si siku ya kujaribu chakula kipya.

Asubuhi, saa mbili hadi tatu kabla ya mbio ya kwanza: uji wenye sukari kidogo, au mkate na asali, au katogo laini ya matoke isiyo na mafuta mengi, na yai moja akipenda. Kama safari inaanza alfajiri mno na tumbo linakataa, nusu ya chakula ailie nyumbani na nusu ndani ya gari.

Kati ya mbio, kidogo kidogo. Ndizi ndiyo rafiki yetu mkubwa, na Uganda tumebarikiwa: bogoya moja, ile ndizi mbivu kubwa, ina karibu gramu 25 za wanga, inabebeka, haimwagiki. Vindizi vidogo vitamu ni vizuri kwa pengo fupi. Viazi vitamu vilivyochemshwa vikapoa, mkate mkavu, wali mweupe kwenye kopo, vipande vya papai au nanasi. Baada ya mbio nzito, ale kitu cha wanga ndani ya nusu saa kama bado ana mbio nyingine. Watafiti wa michezo hutaja gramu 1 hivi ya wanga kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa saa pale muda unapobana; kwa mtoto wa kilo 40 hizo ni bogoya moja na kipande cha mkate au viwili.

Sasa adui. Saa sita mchana, harufu ya chipsi na kuku inatoka kantini, na kule nje ya geti kuna jamaa wa rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, anapindua chapati zake. Mimi mwenyewe naipenda rolex. Lakini mafuta hukaa tumboni saa nyingi, na damu inayotakiwa mikononi inakwenda kusaga chapati. Kabalagala (vile vikeki vya ndizi vya kukaanga) na mandazi nazo ni hivyo hivyo. Nunua, ifunge, aile baada ya mbio ya mwisho. Watoto wanaielewa ahadi hiyo vizuri kabisa.

Anywe nini?

Maji, mafunda machache kila dakika 15 au 20, asingoje kiu. Watu hawaamini kwamba mwogeleaji hutoka jasho, kwa kuwa halionekani. Anatoka, na akikaa juani anatoka zaidi. Mwambie aangalie mkojo: ukiwa wa manjano iliyokolea kama chai ya rangi, amechelewa kunywa.

Mbio zikiwa tatu au zaidi, tunatengeneza kinywaji chetu: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vikubwa vinne vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya malimau mawili au ya pasheni. Ni bei ndogo na kinafanya kazi ile ile ya chupa za dukani.

Vinywaji vya kuongeza nguvu je?

Kwa mtoto, hapana. Kafeini humwongezea mapigo ya moyo na wasiwasi, na usiku hatalala. Dawa za maumivu pia asimeze ili tu aweze kuogelea. Bega likiuma kiasi hicho, mbio imeisha.

Gala ikiangukia Ramadhani?

Familia zetu nyingi ni za Kiislamu, na swali hili linaulizwa kwa uzito unaostahili. Mtoto ambaye hajabaleghe hajafaradhishiwa funga. Wanaofunga, waulize sheikh wao kuhusu ruhusa ya msafiri na masharti yake. Hilo si la kocha.

Akiamua kufunga na kushindana, mimi hupunguza mbio ziwe moja au mbili, nikichagua za asubuhi wakati daku bado iko mwilini. Huku karibu na ikweta funga ni ya saa 13 na nusu hivi mwaka mzima, kwa hiyo mbio ya saa kumi na moja jioni inamkuta amekauka. Daku iwe ya vitu vinavyokaa: uji mzito, viazi, mayai, maharage, maji ya kutosha yaliyonywewa pole pole tangu futari. Kati ya mbio akae kivulini kabisa, na kupoza mwili kuwe kwa kutembea polepole. Akipata kizunguzungu, tunasimamisha. Hapo sina mjadala.

Mbona watoto wetu wanatetemeka asubuhi na kuungua mchana?

Kwa sababu Kampala saa moja asubuhi yaweza kuwa nyuzi 17, na mabwawa mengi hayapashwi moto. Mtoto mwembamba anayetetemeka anachoma sukari yake kabla hata ya kuitwa. Mchana jua la ikweta linamwangukia utosini. Beba mataulo mawili makubwa, kwani moja likilowa halina kazi tena, pamoja na sweta yenye kofia, kanga au kitenge, na vazi la pili la kuogelea abadilishe. Hema la klabu lifungwe mapema upande wenye kivuli cha mchana. Wazazi hulifunga palipo na kivuli cha asubuhi, saa sita ikifika wanaungua na jua. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ongeza mwavuli na turubai la kukalia.

Mchujo asubuhi, fainali jioni. Ajibane asubuhi ili abakize nguvu?

Beijing mwaka 2008 Michael Phelps aliogelea mara 17 ndani ya siku 9 akapata dhahabu 8, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kupima nguvu zake kwenye mchujo. Mtoto wako, isipokuwa anaongoza kwa mbali sana, hana. Wengi wanaojibana huikosa fainali kwa nafasi moja. Ninachowaruhusu ni kulegeza mita 10 au 15 za mwisho wakiona kwamba wako peke yao, wakijua kabisa kwamba muda ndio unaoamua, siyo nafasi kwenye mchujo ule.

Akiba ya kweli hupatikana baada ya mchujo. Tarehe 31 Julai 2024, Paris, Léon Marchand wa Ufaransa alishinda mita 200 kipepeo, na kabla ya saa mbili kutimia akashinda mita 200 kifua, zote kwa rekodi ya Olimpiki. Watoto wetu wanapoitazama video ile, huwa nawaambia watazame alivyoanza mbio ya pili, kisha wafikirie alifanya nini katika muda ule usioonyeshwa.

Gala ni ya siku mbili. Jumamosi usiku tufanyeje?

Chakula mapema, kuoga maji ya uvuguvugu, kunyoosha mwili kidogo, simu mbali, taa zizimwe saa mbili na nusu au saa tatu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, kijana saa 8 hadi 10. Kama mnatoka Entebbe au Jinja na kesho mnarudi tena, tafuteni ndugu wa kulala kwake Kampala. Saa mbili za jamu kwenda na saa mbili kurudi zinamchosha mtoto kuliko mita 200.

Usingizi wa Ijumaa, usiku mmoja kabla, mara nyingi ndio unaobeba siku zote mbili, kwa kuwa Jumamosi wengi hawalali vizuri kwa msisimko.

Amepona malaria wiki iliyopita. Anaweza kushindana?

Swali hili linanigusa kuliko mengine yote. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Homa ikiondoka mtoto anacheka, anakula, anaonekana mzima, lakini damu haijarudi. Ukimtia kwenye mita 100 ataishiwa pumzi nusu ya njia. Mimi namrudisha kwa mazoezi mepesi baada ya siku kadhaa bila homa, na kwenye mashindano harudi mpaka mhudumu wa afya apime damu na kuniambia kiwango kiko sawa. Mzazi akinikasirikia kwa kuwa ada ya gala imeshalipwa, namwelewa. Jibu linabaki lile lile.

Mwambieni kocha pia kama mtoto anaugua siko seli (selimundu), au haugui ila amerithi jeni lake kutoka kwa mzazi mmoja tu. Wa kwanza, maji ya baridi yanaweza kumwamshia maumivu makali, kwa hiyo daktari wake aulizwe kabla ya yote. Wa pili wengi huogelea bila shida, lakini asikae na kiu, asisukumwe kurudia mbio kali bila kupumzika, na akisema misuli inauma ghafla asikilizwe mara moja. Nchi yetu ina watoto wengi wa namna hii; hakuna sababu ya kuficha.

Binti yangu huwa mchovu sana siku za hedhi.

Aseme mwenyewe anajisikiaje, maana hawafanani. Wengine huogelea vizuri kabisa. Kama anachoka kila mwezi na damu ni nyingi, apimwe wekundu wa damu, na nyumbani aongezewe maharage, nyama, dodo (mchicha) na mboga nyingine za kijani, pamoja na tunda chachu ili madini ya chuma yafyonzwe. Na klabu iwe na mwanamke mzima ambaye wasichana wanaweza kumwendea bila aibu. Yetu ina mama wa namna hiyo; bila yeye nisingejua nusu ya ninayoyajua.

Tunatoka Mombasa kuja kushindana Kampala. Kuna tofauti?

Ipo kidogo. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mita 50 hamtaisikia. Mita 200 na kuendelea mtaisikia, na pumzi itachelewa kurudi baada ya mbio. Ongezeni dakika chache za kupoza mwili, nyweni maji zaidi, na mbio ndefu muanze kwa utulivu.

Kupokezana ni mwisho wa siku na amechoka. Ataweza?

Mara nyingi ataweza kuliko anavyodhani. Uchovu wa kichwani huyeyuka wenzake watatu wakimsimamia jukwaani wakilitaja jina lake. Mpe funda la kinywaji cha sukari dakika 20 kabla, mpashe mwili, mwache na timu.

Nitajuaje kwamba mbio iliyobaki aiache?

Ngozi ya baridi na kutetemeka kusikokoma hata akiwa mkavu. Kichefuchefu au kizunguzungu. Maumivu ya bega upande mmoja. Kukataa chakula anachokipenda. Mtoto mchangamfu aliyenyamaza ghafla na kukaa peke yake. Ukiona mawili kati ya haya, njoo tuzungumze, na tutoe taarifa mezani mapema ili leni isibaki wazi bila maelezo. Kizunguzungu au maumivu ya kifua, hata peke yake, yanatosha.

Uchovu wa kawaida hauonekani hivyo. Mtoto aliyechoka kwa kawaida analalamika huku anatafuna ndizi.

Mimi mzazi niseme nini kati ya mbio?

"Umekula? Umekauka? Sweta iko wapi?" Muda wake na makosa ya kugeuka ukutani mwachie kocha.

Jumatatu aende mazoezini?

Aje, nusu saa, taratibu, bila saa ya kupimia. Mabega yatakuwa yamekaza na maji yatayalegeza. Asipoamka kwa sababu ya usingizi, mwacheni alale, aje Jumanne.